Subiri "Ila"

Maneno haya niliyasema jijini Mbeya mbele ya makocha na washauri wa biashara kutoka Nyanda za Juu Kusini. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi zangu na kwenye kumbukumbu, kwa kuwa wengi waliyaomba.

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo? Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wenyeji wetu wa Rungwe na Kyela, ndaga. Habari za asubuhi?

Mmeitikia vizuri. Ukumbi mzima umesema "nzuri". Lakini humu ndani yupo aliyeamka saa tisa usiku kuwahi basi Makambako. Yupo aliyeacha mtoto ana homa. Yupo ambaye kodi ya ofisi inaisha mwezi huu na hajui ataitoa wapi. Wote mmesema nzuri, na hamkudanganya. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mwenye msiba, ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu, "Nzuri tu, ila tumefiwa na babu." Nzuri inatangulia, ila inafuata.

Nimeishi na salamu hiyo tangu utotoni, lakini nimekuja kuielewa ukubwani, kwa sababu ya kazi hii. "Nzuri" ni adabu. Inampa anayeuliza nafasi ya kuchagua. Anayepita njia ataichukua hiyo nzuri aendelee na safari yake, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Anayesimama, akatua mzigo, akakutazama usoni, huyo ndiye anayepewa "ila". Na neno lenyewe kwa Kiswahili lina maana mbili: ni "lakini", tena ni kasoro. Kizuri hakikosi ila, walisema wazee.

Nimeombwa niseme juu ya uaminifu na ukweli kati ya kocha na mteja. Nilicho nacho ni hiki: kazi yetu yote iko baada ya "ila". Mteja aliyekaa na wewe miezi sita akikupa nzuri tupu, hamjafanya kazi yoyote, hata kama amelipa kila mwezi. Na hatakupa ila yake mpaka awe ameisikia ya kwako.

Kabla ya ukocha nilikuwa afisa mikopo kwa miaka tisa. Nilizunguka Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, Uyole, Mbalizi, mara nyingine nateremka mpaka Tukuyu, nikikagua biashara za watu kabla hawajapewa fedha. Kuna jambo kila afisa mikopo analijua. Siku ya ukaguzi duka huwa limejaa. Jirani ameazima katoni tano za sabuni, shemeji ameleta magunia mawili ya mchele wa Kyela, binamu ameegesha pikipiki yake mlangoni ionekane ni ya biashara. Ukirudi baada ya siku tatu bila taarifa, rafu zina mapengo. Sikuwahi kuwaona watu wale kuwa wabaya. Walijua anayekuja anatafuta nini, wakampa anachotafuta.

Nilipoacha kazi ile nikaanza hii, nilibadilisha jina la kazi. Namna ya kuuliza ilibaki ile ile.

Mteja wangu wa nne alikuwa mama mwenye duka la nafaka. Sokoni gani, sitasema. Kisa chake nakisimulia kwa ruhusa yake, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asitambulike. Tulikutana kila Jumanne kwa miezi sita. Nilimpa daftari, nikamwonyesha namna ya kuandika mauzo, matumizi, mali iliyobaki, na kiasi anachojilipa mwenyewe. Kila Jumanne alikuja na daftari limejaa. Safi kabisa. Namba zimekaa kwenye mistari, faida inapanda polepole kama inavyotakiwa kupanda. Nilimsifu. Niliwaonyesha na wengine, nikisema mnaona, inawezekana.

Ningekuwa macho ningeona. Daftari la duka la nafaka huwa lina vumbi la unga. Lina kurasa zilizolowa, lina kalamu ya bluu leo na nyekundu kesho kwa kuwa ile ya bluu mtoto ameondoka nayo shuleni. Daftari la mama yule liliandikwa wiki nzima kwa kalamu moja na mkono mmoja uliotulia, kama mtu aliyekaa usiku mmoja akaandika yote. Niliona. Sikuuliza, kwa sababu nilipenda nilichokiona.

Mwezi wa saba hakutokea, na simu hakupokea. Nikaenda dukani nikakuta kufuli. Jirani akaniambia mizani na magunia vimechukuliwa na watu wa kausha damu.

Mnaijua mikopo hiyo, sina haja ya kuieleza sana. Unapewa laki tano asubuhi bila makaratasi mengi, jioni ya kesho yake unaanza kurejesha, na kila jioni mtu anapita na pikipiki. Mama yule alikopa mumewe alipolazwa. Akakopa pengine ili arejeshe hapa. Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa tayari ana mikopo miwili ya namna hiyo, na miezi yote sita alikuwa na daftari la pili, chafu, lililojaa ukweli, analolificha chini ya gunia la maharage.

Nilimkuta nyumbani kwake. Swali langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akanijibu bila hasira. "Dada, siku ya kwanza ulisema wewe hufanyi kazi na watu wa kausha damu."

Nililisema kweli. Nilikuwa nimelisema kwa kujivuna, nikijitambulisha, ili aone nina msimamo. Nilidhani namweleza mimi ni nani. Yeye alisikia anachopaswa kuficha.

Ndugu zangu, tukae hapa kidogo. Siku ile ya kwanza mteja hasikilizi ujuzi wako. Anasikiliza mahali ambapo ataumizwa. Anapima kila neno: huyu anacheka nini, huyu anadharau nini, huyu amewasema vipi wateja wengine. Ukimsimulia kwa dharau kijana aliyekula mtaji wake kwenye kubeti, na yeye alibeti wiki iliyopita, amekwisha kukuandikia majibu yako ya miezi sita. Na hatakuambia kwamba umemfunga mdomo. Atatabasamu, atasema "asante sana, nimejifunza".

Tangu siku ile nilibadilisha mpango. Sasa ninayeanza kusema ila ni mimi.

Ila ya kwanza ni ya mipaka. Neno hili kocha kwetu liliingia na mpira, lakini asili yake ni mbali. Waingereza walilipata kutoka jina la kijiji cha Kocs huko Hungaria, kilichosifika kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Karne ya 19 wanafunzi wa Uingereza wakawaita hivyo walimu wa ziada, kama kusema huyu ananibeba mpaka upande wa pili wa mtihani. Ni gari, basi. Abiria ndiye anayesema anakwenda wapi, na gari linapaswa kumwambia kituo chake cha mwisho. Ukimchukua mtu anayekwenda Tunduma wakati wewe unajua unaishia Mbalizi, hata uendeshe vizuri namna gani, umemdhulumu.

Kwa hiyo mwambie mapema. Mimi si mwanasheria. Mimi si daktari. Mimi si mhasibu wa kodi. Kwa mambo ya TRA tutamtafuta anayejua. Na hili nalisema kwa uzito: mimi si mtaalamu wa afya ya akili. Tunao wateja wanaokuja na mpango wa biashara, na nyuma ya mpango huo kuna usingizi uliokwisha kupotea na mawazo ya kutotaka kuishi. Mtu huyo hahitaji maswali yako mazuri ya malengo. Anahitaji umsindikize hospitalini, na hapa Mbeya tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kumwambia "hapa mimi naishia, twende kwa anayeweza" hakumpunguzii imani na wewe. Wateja niliowasindikiza hivyo ndio wanaonipigia mpaka leo.

Ya fedha nitapita haraka kwa sababu mnaijua. Taja bei kabla ya kikao cha kwanza, sema kinachoingia na kisichoingia, sema nini kinatokea akiahirisha. Anayeona haya kutaja bei mwanzoni ataona haya zaidi kudai mwishoni, na mteja atahisi kuna kitu kinamzunguka. Kuna jambo moja tu nitalitolea sauti. Kanda hii inakijua vizuri kilio cha lumbesa, gunia la viazi linalopita mdomo wake, likaongezwa kichwa na kushonwa kwa kamba, mkulima akalipwa bei ile ile. Wakala wa Vipimo wamepigana nalo miaka mingi. Sisi tunao ukocha wa lumbesa. Mteja ameshaweza kutembea mwenyewe mwezi wa tatu, tunamshikilia mpaka wa nane kwa sababu kodi ya ofisi imefika. Mwambie amemaliza. Mwambie kwa furaha. Nimefanya hivyo mwezi ambao sikuwa na mteja mwingine isipokuwa wawili, na haikuwa rahisi.

Halafu kuna kamisheni, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ugonjwa huu uko kwetu. Parachichi zimeleta fedha Njombe, Rungwe na kwingineko, na zimeleta wauza miche. Kocha anakaa na mstaafu, wanaongea ndoto, wanaandika malengo, na mwisho wa kikao kocha anamwelekeza kwa muuza miche fulani "ambaye ni mwaminifu". Mstaafu hajui kwamba kila mche una shilingi za kocha ndani yake. Pengine miche ni mizuri. Hilo halibadilishi kitu. Siku akijua, na katika miji yetu atajua, atarudi nyuma kwenye kila neno ulilowahi kumwambia alichunguze upya.

Tena kwenye miche hiyo hiyo ndipo tunapotoa ahadi za uongo kuliko mahali pengine. Mche wa parachichi uliobebeshwa unahitaji karibu miaka mitatu kabla hujaanza kuvuna, na mavuno ya mwanzo ni machache. Miti ya msindano kule Mufindi ni ya kuhesabu miaka kumi na kuendelea. Mstaafu wa miaka sitini ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo kabla hajatia mafao yake ardhini. Mwambie: shamba hili litakulipa, ila miaka hii mitatu utakula nini? Kama swali hilo linaua ndoto yake, bora ife mezani kwako kuliko kufia shambani na fedha zikiwa zimekwisha.

Wenzetu walioweka misingi ya kazi hii wameliona hilo. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, lina kanuni za maadili zinazomtaka kocha amweleze mteja, kabla ya kuanza au kwenye kikao cha kwanza, ukocha ni nini na si nini, siri inalindwa mpaka wapi, fedha zinalipwa vipi. Zinamtaka pia aweke wazi maslahi yoyote yanayoweza kugongana na ya mteja. Si lazima uwe mwanachama ndipo uzifuate. Bibi yangu aliyekuwa mkunga hakuwahi kuzisoma, lakini alikuwa akiingia nyumba ya mzazi anasema kwanza: "Hili naliweza, lile tukifika tutakwenda hospitali."

Sasa siri. Hapa nimekosea mwenyewe, tena vibaya, kwa hiyo nitakaa.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na kikundi cha akina mama. Nilitaka kuwagusa, nikatoa mfano: mama mmoja, sikutaja jina, anauza ndizi na parachichi karibu na stendi fulani, mumewe alichukua akiba yake ya VICOBA akaenda kuoa mke wa pili, na bado mama huyo amesimama tena. Ukumbi ulipiga makofi. Wengine walilia. Mstari wa tatu alikuwa amekaa wifi yake.

Jioni ile simu ikaita. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ni mimi uliyekuwa unanisema?" Nilisema ndiyo. Nilimwomba radhi kwa simu, kesho yake nikapanda gari nikaenda kumwomba radhi uso kwa uso, mbele ya mama yake mzazi kama alivyotaka. Alinisamehe, na hakurudi tena kwangu. Vyote viwili ni haki yake.

Nilichojifunza ni kwamba katika nchi yetu hii ya milima jina si siri. Siri ni stendi. Siri ni ndizi. Siri ni mke wa pili. Ukiondoa jina ukaacha hayo, umeondoa kofia ukaacha mtu. Tunaishi mahali ambapo muuza duka Mafinga ana dada Uyole na shemeji Tunduma, na wote wanaongea jioni. Siku hizi simulizi ya mteja siitoi bila kumsomea mwenyewe kwanza, neno kwa neno, na akisita hata kidogo naiacha.

Na sheria sasa imeingia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa lugha ya kawaida, taarifa za mtu ulizozichukua kwa kazi moja usizipeleke kwenye kazi nyingine bila ridhaa yake. Fikirieni daftari zenu za vikao. Fikirieni simu zenu: sauti za wateja, picha za daftari zao za mauzo, namba zao. Fikirieni ile picha unayopiga na mteja baada ya kikao na kuiweka kwenye status, "nikiwa na mteja wangu mpendwa". Alikubali kupigwa picha kwa sababu ulikuwa umeshika simu tayari. Alikubali kama anavyosema "nzuri".

Siri nayo ina ila yake, na mteja aisikie kabla hajafungua moyo. Mimi husema hivi: nitatunza utakachoniambia, ila nikisikia mtoto anaumizwa, au uhai wa mtu uko hatarini, sitanyamaza. Kwa mtoto kuna namba 116, kuna ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Mwanzoni niliogopa kwamba maneno hayo yatawafukuza watu. Sijawahi kumpoteza mteja kwa ajili yake. Wawili waliniambia baadaye kwamba ndiyo yaliyowafanya waniamini, kwa sababu walijua ninaposema "nitatunza" nimefikiri.

Baada ya kusema za kwako, nyamaza.

Hili ni gumu kwa watu wa kuongea kama sisi. Mteja anasema "biashara inaendelea vizuri tu", nasi tunadaka hapo hapo: "Hongera! Sasa tuangalie malengo ya mwezi ujao." Ila ilikuwa njiani, tumeifungia mlango. Jaribu kuhesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo. Mmiminie chai, angalia chai, usiangalie saa. Mara nyingi kabla hujafika saba utasikia, "Vizuri tu… ila."

Na kama haikuja siku hiyo, ngojea mlangoni. Mteja amesimama, ameshika begi, mmeagana, mkono uko kwenye kitasa, ndipo anasema kama jambo dogo, "Halafu dada, kuna kale kadeni nilisahau kukwambia." Maneno ya mlangoni ndiyo kikao. Kwa hiyo usimpange mteja mwingine mara tu baada ya huyu. Acha nusu saa. Kama huna nusu saa, mwambie, "Nimesikia, na ni jambo kubwa. Jumanne tutaanzia hapo." Kisha Jumanne anzia hapo kweli.

Angalieni pia swali la "kwa nini". Kwa Kiswahili chetu, "kwa nini umefanya hivi" ni swali la baba akiwa na fimbo, ni swali la hakimu. Mtu akiulizwa kwa nini, anajitetea. Muulize "ilikuwaje?" Hilo linamkaribisha asimulie, na katika kusimulia atakuambia sababu mwenyewe, pamoja na zile ambazo hakujua kwamba anazo. Kadhalika "umeelewa?" haina jibu jingine isipokuwa ndiyo. Muulize "kesho utaanzia wapi?" Jibu lake litakuonyesha kama ameelewa.

Kijana mmoja wetu aliniuliza jana jioni: nina miaka 27, mteja wangu ni mzee wa miaka 63, ana mashine ya kusaga, atanifunulia vipi udhaifu wake mimi niliye kama mwanawe? Mwanangu, anza na shikamoo na usiiache kamwe, hata mkizoeana. Usikae nyuma ya meza. Nenda kwake, kwenye mashine, umwombe akufundishe inavyofanya kazi, na ufundishike kweli. Mzee akikwisha kukufundisha la kwake, kujifunza la kwako hakumshushi. Na usimkosoe mbele ya vijana wake wa kazi. Ukifanya hivyo mara moja, usijisumbue kurudi.

Nimesema sana juu ya kumsaidia mteja awe mkweli. Na sisi tunapotakiwa kumwambia ukweli mgumu? Wapo makocha wanaoshika ule msemo wa "msema kweli mpenzi wa Mungu" kama panga. Wanamkatakata mtu, kisha wanasema mimi sifichi. Sikubaliani nao. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika mwaka 1957 juu ya masharti yanayomwezesha mtu kubadilika akiwa na anayemsaidia. Yeye alizungumzia tiba ya nafsi, si kazi yetu, lakini mambo matatu kati ya aliyoyataja yanatufaa: msaidizi awe mkweli, ndani na nje sawa, amthamini mtu bila kumwekea masharti, amwelewe kutoka mahali alipo. Aliyataka yote pamoja. Ukweli bila yale mawili yaliyobaki ni matusi yenye adabu.

Nilikuwa na mteja, fundi seremala. Kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri ajabu, vitanda vya mninga ambavyo ungetaka kuvirithisha. Biashara ilikuwa inakufa, na yeye aliamini wateja wamekimbilia samani za dukani. Nilimwomba ruhusa nizungumze na wateja wake watatu wa zamani, akanipa majina mwenyewe. Wote watatu walisema jambo moja. Nikarudi kwake, karakanani, vijana wameshakwenda nyumbani. Nikamwambia, "Fundi, nimepata neno, na ni gumu. Nikuambie leo, au uchague siku?" Alikaa kimya, akafuta randa, akasema, "Sema."

"Wanasema kitanda chako hakina mpinzani. Wanasema ulimwahidi kila mmoja wiki mbili, ukampa baada ya miezi mitatu, na simu hukupokea. Hawatarudi."

Alikasirika. Aliniambia wateja hawajui mbao zinavyokauka. Sikubishana, na sikulirudisha neno nyuma. Niliaga nikaondoka, usiku sikulala vizuri. Baada ya wiki mbili alinitumia ujumbe mfupi: amemwambia mteja mpya miezi mitatu badala ya wiki mbili, na mteja amekubali, ameweka na malipo ya awali. Fundi yule alikuwa akisema wiki mbili kwa sababu aliogopa kumpoteza mtu kwa kumwambia ukweli. Ugonjwa ule ule tunaouzungumza hapa tangu asubuhi.

Mtaniuliza, na mteja akidanganya waziwazi tufanyeje? Usimwinde. Usimtegee mtego ili umshike. Mwambie unachokiona na umwachie njia: "Mama, namba hizi sijazielewa, nisaidie." Angekuwa na njia hiyo, yule mama wa nafaka angeipita mapema. Leo duka lake ni dogo kuliko lilivyokuwa. Aliuza kiwanja akamaliza madeni, jambo linaloniuma mpaka sasa, kwa sababu mwezi wa kwanza tungeweza kupanga njia nyingine. Tunaonana bado, Jumanne kwa Jumanne, bila malipo kwa mwaka ule wa kwanza, niliona ni deni langu. Daftari analoleta sasa lina unga, na ukurasa mmoja mjukuu amechora kuku.

Nitawasomea karatasi yangu, ile ninayomsomea kila mteja mpya kabla hajasema lolote. Ni fupi.

"Ninaweza kukusaidia kuziona hesabu zako, kupanga, na kutimiza ulichopanga, ila siwezi kukuahidi faida. Bei yangu ni hii, ila ukiona baada ya vikao vitatu hujasaidika, tutaachana bila deni. Nitatunza siri yako, ila mtoto akiumizwa au uhai ukiwa hatarini, nitasema, na nikiweza nitakuambia wewe kwanza. Sichukui kamisheni kwa ninayekuelekeza kwake, ila siku nikichukua utajua kabla hujanunua. Nilikuwa afisa mikopo, ila hapa sikukagui. Niliwahi kutoa siri ya mteja hadharani, ila tangu siku hiyo sisimulii habari za mtu bila ruhusa yake. Kama una mkopo wowote, wa namna yoyote, hapa hautakuaibisha."

Chai iko tayari, nimeona akina mama wameshaleta chupa, lakini itusubiri kidogo. Kwenye kila kiti kuna karatasi tupu na kalamu. Tuna dakika ishirini. Kila mmoja aandike ila zake, zile za kweli, kisha amgeukie jirani amsomee kwa sauti. Jirani asijibu neno, asitoe ushauri, asikilize tu. Anzeni.